Bunduki ya bloku inayoshuka: nani anaziba gesi, nani anashikilia?

Kila ikitokea video ya bunduki ya risasi moja, ile ambayo mtu anashusha mkono wa chuma chini ya triga, kipande cha chuma kinazama ndani halafu tundu la nyuma la mtutu linabaki wazi, ubishi unaanza hapohapo. Huyu anasema hiyo ni Martini, yule anasema ni dhaifu ndo maana iliachwa, mwingine anauliza sasa hicho kichuma kikishuka wakati risasi inalipuka si kitamtoa mtu jicho? Hilo swali la mwisho ndo zuri kuliko yote na wengi wanalijibu vibaya. Acha nilifungue taratibu kuanzia chini kabisa, maana ukishika jambo moja tu, kwamba kinachoziba na kinachoshikilia ni vitu viwili tofauti, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Risasi nzima kabla haijapigwa ina vitu vinne. Kuna ganda, hicho kikopo cha shaba ya njano. Ndani ya ganda kuna baruti. Mdomoni kimekaa kichwa, ndo kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Na kwenye kitako cha ganda, katikati, kuna fataki, kidude kidogo kinachowaka kikigongwa. Risasi hiyo inakaa kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu iliyochongwa kwa umbo la ganda lenyewe. Nyuma ya chemba lazima kuwe na kitu cha kufunga mlango, la sivyo ganda litarudi nyuma kumfuata aliyepiga. Namna ya kuufunga huo mlango ndo inayotenganisha bunduki na bunduki. Kwenye za bolti kuna fimbo ya chuma inayosukumwa mbele halafu inazungushwa mpaka ing'ate. Shotgani nyingi za mitutu miwili zinakunjika katikati. Na kwenye hizi tunazoongelea kuna bloku, kipande kizito cha chuma cha umbo la mstatili, kinachopanda na kushuka wimawima nyuma ya chemba.

Sasa angalia inavyotembea. Fremu, ule mwili wa chuma unaounganisha mtutu na kitako cha mbao, imetobolewa tundu la mstatili toka juu mpaka chini, na kwenye kuta zake za kulia na kushoto kuna njia zilizochongwa, bloku inateleza humo ikiwa imebana vizuri bila kuchezacheza. Chini imeungwa na leva, na mara nyingi leva hiyo ndo chuma kilekile kinacholinda triga. Ukiisukuma leva chini na mbele, kiungo kinaivuta bloku mpaka uso wake wa juu uwe chini ya usawa wa chemba. Hapo tundu linaonekana lote, unaweza hata kuchungulia mtutu mzima kwa nyuma. Leva ikikaribia mwisho inagusa kidude kingine kidogo ambacho kimeshika ukingo wa ganda, kinalivuta nje. Unaweka risasi nyingine kwa kidole gumba, unarudisha leva, bloku inapanda, na kama risasi ilibaki nyuma kidogo ule ukingo wa juu wa bloku unaisogeza mbele. Mlango umefungwa. Kwenye baadhi ya miundo mwendo huohuo wa leva unakoki nyundo iliyojificha ndani, kwenye mingine nyundo iko nje unaikoki mwenyewe.

Kuna wanaodhani bloku inaanguka kwa uzito wake. Haianguki, inavutwa na leva na inarudishwa na leva, na leva isipoguswa yenyewe inakaa hapohapo.

Turudi kwenye lile swali la jicho, na hapa nataka tupige hesabu kidogo. Baruti ikiwaka inageuka gesi na gesi inasukuma kila upande. Chukua risasi ya .45-70 iliyoingia jeshi la Marekani mwaka 1873. Kiwango cha juu cha presha kilichopangwa kwa risasi hiyo ni psi (paundi kwa inchi mraba) 28,000, yaani karibu kilo 1,970 kwa kila sentimita mraba. Ndani ya ganda lake, kule kwenye kitako, kuna eneo la kama sentimita mraba 1. Kwa hiyo msukumo unaokwenda nyuma, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, unakaribia tani 2. Risasi ya .30-06 ya mwaka 1906 inafika psi 60,000, ganda lake ni jembamba kidogo lakini tani zinapita 3. Sehemu ya mzigo huo inapungua kwa sababu ganda linang'ang'ania kuta za chemba, ila fundi makini anachonga bunduki yake kama vile mzigo wote utafika kwenye bloku.

Tani hizo zinakwenda wapi? Nyuma, moja kwa moja, kwa mstari wa mtutu. Na bloku inatembea juu na chini. Yaani msukumo unakuja kwa pembe mraba na njia ya bloku, au karibu sana na pembe mraba, kwa hiyo hakuna kinachoisukuma ishuke. Kinachotokea ni kwamba inagandamizwa kwenye kuta za nyuma za zile njia zake na msuguano unazidi kuishika. Ili irudi nyuma ingebidi bloku yenyewe ikatike, au zile kuta mbili za fremu zikatike kwa pamoja, na hapo unaongelea chuma kinene upande wa kulia na kushoto. Leva na viungo vyake havibebi mzigo huo kabisa, kazi yake ni kuinua na kushusha, na kwenye miundo mizuri kiungo kikifika juu kinapita kidogo mstari wake wa katikati kwa hiyo hata mtikisiko wa mlipuko hauwezi kukikunja. Na bloku isipopanda mpaka juu, pini ya kugongea haiangalii fataki, iko chini yake, kwa hiyo hata ukivuta triga haigusi kitu cha maana.

Hiyo ndo kazi ya kushikilia. Sasa kuziba.

Watu wengi, na hata wenye bunduki, wanaamini bloku ndo inayozuia gesi isitoke nyuma. Haiwezi. Ili chuma kiteleze juu ya chuma lazima kuwe na nafasi, hata iwe ndogo kiasi gani, na gesi yenye presha ya kilo elfu mbili kwa sentimita mraba inapita kwenye nafasi ambayo jicho haliioni. Kinachoziba ni ganda. Baruti ikiwaka, shaba ya ganda inavimba, inajibandika kwenye kuta za chemba pande zote na kufunga njia, halafu presha ikishuka shaba inarudi kidogo na ganda linalegea unalitoa. Fikiria tairi la baiskeli. Tyubu ndo inayozuia upepo usitoke lakini haina nguvu, ijaze nje ya tairi uone kama haitapasuka. Tairi lina nguvu lakini peke yake upepo unavuja kila upande. Ganda ni tyubu, chemba na bloku ni tairi. Na kama vile tairi lenye mpasuko linavyoiua tyubu nzima, bloku iliyochakaa ikaacha nafasi nyuma ya risasi, ganda linarudi kujaza nafasi hiyo, linanyooka kupita uwezo wake na mwisho linakatika karibu na kitako. Hapo gesi inatoka kweli na inakuja usoni. Ndo maana kwa bunduki ya zamani ya aina hii kitu cha kwanza fundi anapima ni nafasi kati ya bloku na kitako cha risasi, kabla hata hajaangalia mtutu.

Historia yenyewe inathibitisha hili vizuri sana. Mmarekani Christian Sharps alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya muundo wake mwaka 1848, wakati ambapo wapiga bunduki wengi bado walikuwa wanajaza baruti kwa mdomo wa mtutu kama gobore. Bloku yake ilikuwa inapanda na kushuka kama nilivyoeleza, imara, inashikilia vizuri. Ila wakati huo ganda la shaba lilikuwa bado halijaenea, risasi zake zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi au kitambaa cha kitani. Ukingo wa bloku ulikuwa mkali kama patasi, ukifunga leva unaikata ile karatasi kwa nyuma, baruti inabaki wazi, halafu fataki iliyo nje inapeleka moto kupitia kitundu. Kwa kasi ya kujaza ilikuwa maendeleo makubwa, mtu anaweza kujaza akiwa amelala chini wakati mwenye gobore lazima asimame au ajikunje. Lakini tyubu haikuwepo. Gesi ilikuwa inavuja juu ya bloku kila ukipiga, na baruti iliyokatwa inabaki kwenye mianya. Walijaribu kupambana nayo kwa pete za chuma kwenye uso wa bloku, mojawapo ni ile ya Richard Lawrence, na ilisaidia, bunduki hizo zikatumika sana kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865. Lakini uvujaji haukuisha mpaka lilipokuja ganda la shaba. Baada ya vita bunduki nyingi za Sharps zikabadilishwa zipokee risasi za ganda, na bloku ileile iliyokuwa inalalamikiwa ikatulia. Kilichobadilika zaidi ni risasi.

Miaka ya 1870 ndo ilikuwa enzi yake hasa. Wawindaji wa nyati wa Marekani walizipenda Sharps za risasi nene, na kwa kweli mauaji yale ya nyati ni jambo la huzuni ambalo bunduki hizi zilishiriki kikamilifu. Upande wa michezo kuna pambano la tarehe 26 Septemba 1874 kwenye uwanja wa Creedmoor, Long Island, timu ya Ireland na timu ya Marekani, kwa yadi 800, 900 na 1,000. Waireland walikuwa na bunduki za Rigby za kujaza mdomoni, ambazo wakati huo wataalamu wengi waliamini ndo pekee zinazofaa kwa masafa hayo, kwa hoja kwamba mtutu ulio wazi nyuma unapoteza nguvu. Wamarekani walikuwa na Sharps na Remington za kujaza nyuma. Matokeo, 934 kwa 931, Marekani. Tofauti ya pointi 3, na Mwaireland mmoja alipiga shabaha isiyo yake ikahesabika sifuri, kwa hiyo mtu asikuambie siku ile ilithibitisha kwamba bloku ni bora mara mbili. Ilichothibitisha ni kwamba ganda la shaba linaziba vya kutosha mpaka yadi elfu moja, na ile hoja ya kuvuja ikakosa miguu.

Halafu akaja kijana wa Ogden, Utah, John Moses Browning. Hataza yake ya bunduki ya risasi moja ni ya mwaka 1879, alikuwa na miaka 24, anafanya kazi na ndugu zake kwenye karakana ndogo. Kampuni ya Winchester ikainunua haki ya muundo mwaka 1883 kwa dola 8,000 na ikatoka kama Model 1885. Hii mimi naiona ndo muundo uliofikiriwa kwa akili kuliko zote za karne ile, na sababu ni vitu vidogo. Mfano, ilitoka kwa fremu za namna mbili, ya kuta ndefu na ya kuta fupi. Ile ya kuta fupi imekatwa pembeni, kidole gumba kinaingia kirahisi kusukuma risasi ndogo, nayo ilikuwa kwa risasi nyepesi. Ya kuta ndefu chuma kinapanda juu pembeni ya bloku mpaka kinakaribia kuifunika, kwa ajili ya risasi nzito, maana kama tulivyoona hapo juu kuta hizo ndo zinazobeba tani zote.

Kitu kingine kidogo ambacho watu hawakiangalii ni pini. Fataki ikigongwa, ncha ya pini inabaki imezama kwenye kishimo ilichotoboa. Sasa ukishusha bloku pini ikiwa bado mbele, ncha inakwanguzwa pembeni kwenye fataki, siku moja siku mbili itavunjika, au bloku itagoma kushuka kabisa. Kwa hiyo lazima pini irudi nyuma kabla bloku haijaanza safari. Kwenye Sharps yenye nyundo ya nje kanuni ni kuirudisha nyundo nusu kwanza ndo uguse leva, na wengi wanaosema Sharps "inakwama" wameisahau hatua hiyo. Miundo iliyofuata ikaifanya kazi hiyo iende yenyewe na mwendo wa leva.

Sasa Martini. Hii ndo mkanganyiko mkubwa kuliko yote, kwa sababu kwa nje leva ni ileile na ukiishusha mlango unafunguka vilevile. Lakini Martini-Henry, iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1871, haina bloku inayoteleza. Bloku yake imefungwa kwa pini kwenye kona ya juu ya nyuma, kwa hiyo nyuma haisogei, mbele ndo inainama. Wazo la asili ni la Mmarekani Henry Peabody, hataza ya 1862, halafu Friedrich von Martini aliyefanya kazi Frauenfeld, Uswisi, akaondoa nyundo ya nje na kuingiza pini yenye springi ndani ya bloku. Namna ya kutofautisha ni rahisi, fungua leva uangalie kwa juu: ikizama yote wima ni bloku inayoshuka, ikiinamisha mdomo mbele huku mkia umebaki ni ya Martini. Remington zile za Creedmoor nazo ni kitu cha tatu, bloku inazungushwa nyuma kwa kidole na nyundo ndo inaingia chini yake kuishikilia wakati wa kupiga.

Na Martini inatupa ushahidi mwingine wa habari ya ganda. Risasi zake za mwanzo zilikuwa na ganda la bati jembamba la shaba lililoviringishwa, sio lililovutwa kutoka kipande kimoja. Kwenye vita vya Sudan vya 1884 na 1885, joto, vumbi na kupiga mfululizo, maganda hayo yalikuwa yanang'ang'ania ndani ya chemba na kuchanika yakivutwa, mwanajeshi anabaki na leva mkononi na bunduki isiyofunguka. Bloku haikuwa na kosa lolote.

Hapo ndo kuna udhaifu wa kweli wa familia hii yote, ikiwemo ya bloku inayoshuka. Bolti inapozungushwa inafanya kazi kama skrubu, inalegeza ganda lililonata kwa nguvu kubwa kabla ya kulivuta. Kitoa ganda cha leva kina nguvu kidogo kuliko hiyo. Ukiweka risasi yenye presha iliyopitiliza au chemba ikiwa chafu, utagundua haraka. Na sababu ya majeshi kuziacha ni hiyohiyo ya wazi, risasi moja moja. Ilipokuja magazini, askari anayechomoa moja mfukoni kila mara hawezi kushindana na mwenye risasi 8 au 10 ndani ya bunduki. Uingereza ilianza kuhamia Lee-Metford ya bolti na magazini mwaka 1888. Udhaifu wa chuma haukuhusika kabisa.

Kama unabisha kuhusu nguvu, angalia Ruger No. 1 iliyotoka mwaka 1967, iliyobuniwa kwa kufuata mwonekano wa bunduki za Farquharson za Scotland ambazo hataza yake ni ya 1872. Imetengenezwa kwa risasi za kila namna mpaka .458 Winchester Magnum, ambayo ni risasi ya wanyama wakubwa, na bloku inashika vizuri tu. Faida nyingine, kwa kuwa hakuna bolti inayohitaji nafasi ya kurudi nyuma, bunduki nzima inakuwa fupi kwa kama sentimita 10 ukilinganisha na ya bolti yenye mtutu wa urefu uleule.

Ila na wapenzi wake nao wanazidisha wanaposema risasi moja maana yake shabaha kali. Haina uhusiano wa moja kwa moja. Mbao za bunduki hizi ni vipande viwili, kimoja nyuma ya fremu na kingine chini ya mtutu, na hicho cha mbele kikiubana mtutu vibaya, au kikivimba kwa unyevu, risasi zinahama. Kuna watu wamehangaika miaka na ubao wa mbele wa Ruger No. 1 kwa sababu hiyohiyo. Ukali wa shabaha unatoka kwenye mtutu, risasi, triga na mkono.

Na asikudanganye mtu kwamba wazo hili limebaki kwa wakusanyaji. Bloku inayopanda na kushuka wima ipo sasa hivi nyuma ya mzinga wa milimita 120 wa Rheinmetall uliomo kwenye kifaru cha Leopard 2, na toleo lake la Marekani liko kwenye Abrams. Tofauti ni kwamba mzinga ukipiga unarudi nyuma, na mwendo wake wa kurejea mbele ndo unaoishusha bloku, hakuna wa kuvuta leva. Na ganda la risasi yake limetengenezwa liungue lote pamoja na baruti, isipokuwa kitako kifupi cha chuma kinachobaki na kutemwa nje. Kitako hicho hawakuweza kukiondoa, kwa sababu ndo kinachoziba.